Meza Iliyopimwa kwa Maji

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi wenzake, na nyinyi wateja wachache mliokuja kuhakikisha kwa macho yenu: poleni, na asanteni kwa kufika. Haya ni maisha ya kaka yetu marehemu, fundi seremala, aliyejulikana kutoka stendi hadi sokoni kwa jina la Bwana Sawa. Yameandikwa na dada yake anayemfuata kuzaliwa, na ndiye anayeyasoma, kwa kuwa watoto walikataa na mjane alisema hajui aanzie wapi. Kikao cha familia kiliomba yaandikwe mazuri tu. Mazuri yake yaliandikwa yote, yakajaza nusu ukurasa, na mchapishaji akasema hawezi kutoa karatasi iliyo wazi namna ile. Ndiyo maana mna maandishi marefu mikononi.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi baiskeli na mama muuza mkaa. Alitanguliza miguu. Mkunga alimwambia mama yetu, "Huyu hajaja kutembea, kaja kukanyaga watu," na mama alicheka kwa sababu bado hakuwa amekanyagwa. Alikuwa mtoto mzuri wa sura, mwenye afya, asiyelia ovyo. Waliolia ni wengine. Akiwa na miaka minane alivunja kioo cha kabati kwa mpira, akanyata hadi chumbani, akamkuta dada yake amelala, akamwekea mpira mkononi. Dada alichapwa akiwa hata macho hajafungua vizuri. Marehemu alimsubiri mlangoni, akamfuta machozi kwa kiganja, akamwambia, "Ukimaliza kulia twende nikufundishe kudaka." Alimfundisha kweli, na dada anajua kudaka mpaka leo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, jengo la matofali karibu na tangi la maji, akamaliza mwaka 1966. Hesabu alizimudu na mwandiko wake ulipendeza. Walimu wote waliomfundisha walisema maneno yale yale: ana akili, hapendi kukosolewa. Mwaka 1968 alijiunga na chuo cha ufundi, na hapa ndipo penye ile nusu ukurasa, kwa hiyo tusiharakishe. Kwa keekee ya mkono, ile ya kuzungusha kwa nguvu zako mwenyewe, kaka yetu hakuwa na mpinzani. Alifumba jicho moja, akavuta pumzi, akatoboa mbao ngumu yenye unene wa kiganja, na tundu likatokea upande wa pili pale pale alipoweka alama. Mwalimu wa ufundi aliitundika mbao ile ukutani ili wengine wajifunze. Kuanzia siku hiyo marehemu alikuwa wa kwanza kufika darasani kila asubuhi, aikute mbao yake ukutani kabla watu hawajaingia.

Mwaka 1979 alifungua karakana yake katika jengo lililokuwa la dobi. Lilikuwa jengo imara, lenye madirisha mapana na sakafu ya saruji iliyomwagwa kwa ustadi: iliinama kidogo kutoka mlangoni kwenda kwenye mfereji wa nyuma, ili maji ya kufulia yasituame. Kwa macho huoni kitu. Lakini ukidondosha penseli mlangoni, utaiokota kwenye mfereji. Marehemu aliokota penseli kwenye mfereji miaka yote ya kazi yake, na kila mara alimtukana aliyeinunua penseli.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Agosti 1980, alifunga ndoa na fundi cherehani, mwanamke mpole, mcheshi wakati huo, aliyekuwa akishona sare za shule kwenye kibaraza cha mjomba wake. Wengi mmeiona picha ya harusi, ile ambayo bwana harusi ameweka mkono mgongoni kwa bibi harusi. Watu husema, tazama mapenzi. Hakuwa anamkumbatia, alikuwa anamnyoosha. "Simama sawa," alimwambia mbele ya mpiga picha, "utaniharibia picha." Mjane ameombwa achangie sentensi moja ya kumkumbuka mume wake. Alifikiri kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana, akasema, "Hakuwa mtu wa kuchelewa kula." Nasi tumeiandika kama alivyoisema.

Walijaaliwa watoto wawili. Wa kwanza ni Binti Mkubwa, aliyezaliwa mwaka 1981. Wa pili ni wa kiume, dereva wa lori la masafa marefu, na mnaomjua mnajua kwamba masafa hayo hakuyachagua kwa bahati.

Sasa tufike kwenye mashine, maana ukiizungumzia nyumba ile bila mashine umezungumzia nyumba nyingine. Mwaka 1986 kiwanda kimoja cha samani kilifungwa, na marehemu akanunua mashine yao ya kutobolea. Kwa wasioijua: ni nguzo nzito ya chuma inayosimama. Juu ina mota na taya zinazoshika biti, kile chuma kinachozunguka na kula mbao. Chini ina meza ya chuma yenye bolti, na ukiilegeza bolti hiyo unaweza kuiinamisha meza upande huu au ule. Unalaza mbao, unavuta mkono, biti inashuka, tundu limetoka. Meza ikikaa mraba na biti, yaani biti ikiishukia wima, tundu linanyooka. Isipokaa mraba, hata malaika akiuvuta mkono ule, tundu litakwenda upande.

Siku ya kuifunga mashine mtaa mzima ulijaa mlangoni. Iliingizwa kwa magogo, ikasimamishwa, ikafungwa kwenye sakafu kwa bolti nne, na kwa kuwa sakafu ilikuwa imeinama, nguzo nayo ikainama na biti yake. Marehemu hakuitazama nguzo. Alichukua pimamaji, ile ya kioo chenye povu ndani, akailaza mezani. Povu likakimbilia upande. Akailegeza bolti ya chini ya meza, akaigonga meza kwa nyundo ya mbao, taratibu, taratibu, mpaka povu likatulia katikati. Akainua uso. "Sawa?" akauliza. "Sawa!" watu wakaitika.

Alikuwepo pale fundi wa milango, jirani wa ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni. Akasema kwa upole tu, "Bwana, meza ya mashine haipimwi kwa maji. Weka skwea hapo, upime pembe yake na biti yenyewe. Sakafu hii ilikuwa ya dobi, imeinama."

Marehemu hata hakugeuka. "Wewe kapime milango yako kwanza, ile inayofungwa kwa teke."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Fundi wa milango naye alicheka, akavuka barabara, akarudi kwenye kazi yake. Kicheko kile ndicho kilichoifunga meza kuliko bolti yoyote. Neno lenyewe ndilo lililomponza kaka yetu, kwa sababu sawa ya maji ni moja na sawa ya biti ni nyingine. Ukitaka kujenga ukuta, uliza maji. Ukitaka kutoboa mbao, uliza biti. Lakini tangu siku ile, kuigusa meza ile kungekuwa ni kumwambia fundi wa milango kwamba alikuwa na haki, na marehemu alikuwa radhi afe na tai shingoni kuliko kutamka maneno hayo. Tai amevaa, mmemwona.

Ila kuitunza, aliitunza. Tuseme haki. Juu ya chuma alifunga ubao wa plaiwudi, na katikati ya ubao akakata kipande cha mraba cha kubadilisha, kwa sababu biti ikipenya huula ubao wa chini, na ubao ukishaliwa, mbao huchanika kwa nyuma. Kipande kikichakaa, alichonga kingine siku hiyo hiyo. Alifunga kizuio cha kuegemeza mbao, kilichonyooka kweli kweli. Kila Jumamosi aliufungua ubao, akafuta unga wa mbao kwa brashi, akasugua chuma kwa msasa laini, kisha akakipaka nta ya mshumaa na kukisugua kwa kitambaa mpaka kikamwonyesha uso wake. Alikagua mkanda wa mota, alitia mafuta kwenye nguzo. Kutu haikuwahi kuiona meza ile. Mke wake alikuwa akimtazama kutoka dirishani, ameshika sufuria, na siku moja alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi ningetosheka na hicho kitambaa tu." Meza ilikuwa safi, inang'aa, imekaa upande.

Viti vya karakana ile vilianza kuinama mbele kidogo, watu wakaviita viti vya salamu. Ukivikalia unakuwa umeshamsalimia mgeni kabla hujafungua kinywa. Wateja walirudi wakilalamika, na marehemu alikuwa na jibu: mbao ni mbichi. Mbao zilipokauka, jibu likawa mke wake, ambaye alikuwa anamshikia ncha ya mbao. "Shika sawa!" na rula ikatua kwenye vidole. Baadaye jibu likawa vibarua. Mmoja, mrefu, mtu wa watu, alithubutu kusema, "Fundi, matundu yote yanalalia upande wa mfereji. Labda tuiangalie meza." Kabla ya chai ya saa nne unga wake ulikuwa umeshamwagika, yuko nje na mfuko wake, na marehemu akiwaeleza wateja kwamba kijana yule alikuwa na mkono wa kupinda.

Kisha jibu likawa Binti Mkubwa, na hilo lilidumu.

Msichana alipenda mbao tangu akitambaa. Alikuwa anajua kwa kunusa kama mbao ni kavu. Alipofika miaka kumi na sita aliomba afundishwe, na baba yake akamweka kwenye mashine. Aliweka alama kwa penseli iliyochongwa vizuri, akaegemeza mbao kwenye kizuio, akavuta mkono bila haraka, akafanya kila kitu kama alivyoambiwa. Tundu likaenda upande. Akarudia. Likaenda upande. Baba akasema, "Sogea. Kalete gundi." Aliporudi na gundi, baba alikuwa ameshatoboa, na tundu lake limenyooka kama ulimi wa mwenye haki.

"Baba, mbona lako linanyooka?"

"Mkono."

"Na mimi mkono wangu una nini?"

"Umepinda. Umeurithi kwa mama yako."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, siku baada ya siku. Alipokuwa anataka kutoboa mwenyewe, alimtuma binti gundi, au chaki, au maji ya kunywa. Aliporudi, kazi imenyooka. Na zile mbao alizoharibu binti hazikutupwa. Marehemu alizitundika ukutani, mkabala na mlango, kila anayeingia azione, na juu yake akaandika kwa ule mwandiko wake wa kupendeza: KAZI YA BINTI. Wateja walicheka. Mteja akilalamikia kiti, alionyeshwa ukuta, naye akaelewa, akamtazama msichana kwa huruma, akaondoka na kiti chake cha salamu. Dada wa marehemu alimwambia siku moja, "Kaka, huyu ni mwanao." Akajibu, "Ndiyo maana namnyoosha."

Binti Mkubwa aliuamini mkono wake kuwa ni mbovu. Alianza kula kwa kuuficha. Alikuwa akilala ameufunga rula kwa kitambaa, kutoka kiwiko hadi vidole, ili usiku uunyooshe. Mama yake alikuwa anamfungua asubuhi na kumsugua alama. Mjomba alipojitolea kumpeleka kwa daktari wa mifupa, daktari aliuminya mkono, akaukunja, akaukunjua, akasema hauna tatizo lolote. Marehemu akasema daktari si seremala. Mwaka 2001, mbele ya wateja waliokuja kuchukua kabati, binti aliomba aajiriwe rasmi kama fundi. Marehemu alicheka kidogo, akawaambia wale watu, "Mimi nina watoto wawili. Mmoja dereva, mwingine hasara." Wiki iliyofuata Binti Mkubwa alikwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, kupanga mikate kwenye trei, kazi ambayo haimwulizi mtu kama mkono wake umenyooka. Aliifanya miaka kumi na minane.

Kiwanda cha mikate kilipopunguza watu, mwaka 2019, alipata kazi ya kufagia kwenye karakana ya fundi wa milango, yule yule, aliyekuwa amehamia karibu na kituo cha mafuta. Alikuwa amezeeka lakini hakuwa amesahau. Siku moja kibarua wake wa mashine hakufika, na milango ilikuwa inangojewa. Akamwita, "Mama, weka fagio, njoo unitobolee hizi fremu."

"Siwezi, mzee. Mkono wangu umepinda."

"Nani kasema?"

"Baba."

Yule mzee aliweka skwea chini. Kisha akachukua kipande cha waya mgumu, akakikunja mara mbili kikawa na umbo la ngazi moja, akakifunga kwenye taya za mashine mahali pa biti, ncha yake ikining'inia nje kuelekea meza. "Hatuwashi," alisema. "Zungusha kwa mkono." Binti akazungusha. Ncha ya waya ikapita juu ya meza ikiikwaruza mbele, kushoto, nyuma, kulia, kote kwa sauti ile ile. "Ikigusa pande zote, meza iko mraba. Ikigusa upande mmoja na kuelea upande mwingine, legeza bolti, gonga meza, kaza, kisha zungusha tena, maana bolti ikikazwa huvuta. Basi. Hakuna uchawi."

"Na pimamaji mnaweka saa ngapi?" aliuliza Binti Mkubwa.

"Pimamaji ya nini? Unataka kutoboa mbao au kuchimba kisima?"

Akatoboa. Tundu likashuka moja kwa moja. Akatoboa jingine, na jingine, fremu zote. Mzee alipitisha skwea, akasema, "Haya, mkono wa kupinda, kesho usishike fagio." Binti Mkubwa alikwenda chooni akafunga mlango akalia mpaka watu wakagonga. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 2020. Unga wa mbao wa mezani aliufuta kwa brashi. Wa puani hakuujali. Alipewa dawa, alipewa mashine ya kusaidia kupumua, akarudishwa nyumbani kwenye chumba kilichotazamana na karakana. Binti Mkubwa alirudi kumuuguza, kwa zamu na mama yake. Mdogo wake, dereva, alituma pesa na sauti kwenye simu. Mbao za ukutani, mjane alizichoma moja moja kumchemshia mgonjwa maji ya kuoga. Mgonjwa hakuuliza moto unatoka wapi.

Ilikuwa Oktoba hii, siku chache kabla ya kifo, ndipo mjane alipompa binti ufunguo wa karakana. Waliingia wote wawili. Binti alikunja waya, akaufunga kwenye taya, akazungusha. Upande wa mfereji uligusa. Upande wa mlango ulielea, kidole kidogo kingepita chini yake.

"Kumbe ni meza," alisema binti. "Lakini mama, matundu yake yeye yalikuwa yananyooka kwa nini?"

Mjane aliitazama ile nafasi kati ya waya na meza kwa muda. Kisha akasema, "Kila nilipofua mashati ya siku alizotoboa peke yake nilikuwa nakuta kipande cha kadibodi mfukoni. Kimekunjwa, kimegandamizwa. Nilidhani ni cha kuchokolea meno." Alilaza kipande cha mbao mezani, akachukua kadibodi ya sanduku la misumari, akaikunja mara kadhaa, akaisukuma chini ya mbao upande ule ulioelea. Mbao ikainuka, ikawa mraba na biti. Wakafunga mlango.

Binti aliingia chumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba, meza ulijua?"

Marehemu aliomba maji, akanywa, akarudisha kikombe. Pumzi zilikuwa fupi lakini akili ilikuwa timamu, msije mkasema alikuwa anaweweseka. "Nilijua tangu wiki ile ile."

"Sasa kwa nini hukuinyoosha?"

"Yule wa milango angesemaje?"

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa mwanangu," alisema. "Hukuwa na pa kwenda kusema."

Binti Mkubwa hakupiga kelele. Alimwomba jambo moja tu. Hakutaka karakana, wala hakutaka radhi. Alisema, "Jumapili watu wanakuja kukujulia hali. Wale wale waliokuwa wanacheka. Waambie mkono wangu haukuwa na kasoro. Sema hivyo tu, mbele yao, yaishe." Marehemu aliitikia, "Nitasema." Na mtoto, kwa kuwa ni mtoto hata akiwa na mvi, aliamini. Jumamosi alimnyoa, akapiga pasi shati lake, akampigia simu fundi wa milango aje.

Jumapili tarehe 10 Oktoba 2021 chumba kilijaa. Walikaa kwenye viti vya salamu, wameinama mbele wote. Marehemu aliegemezwa kwenye mito. Jirani mmoja akasema, "Mzee, tunasikia una neno." Binti alikuwa amesimama karibu na dirisha, amejifunga kitenge kipya, mikono ameiweka mbele, wazi, bila kuificha. Marehemu alimtazama. Kisha macho yake yakamfikia fundi wa milango, amekaa karibu na mlango, kofia magotini.

"Meza yangu," alisema, akavuta pumzi, "msimwachie huyu. Ana mkono wa kupinda."

Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi wa milango alisimama, akavaa kofia, akatoka bila kuaga. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakitafuta viatu vyao mlangoni. Binti Mkubwa alikusanya vikombe, akavipeleka jikoni, akaviosha vyote. Kisha akarudi akamgeuza baba yake ubavu wa pili, kwa sababu zamu ilikuwa yake.

Jumatatu asubuhi alifungua karakana. Alilegeza bolti ya meza, iliyokuwa haijaguswa tangu mwaka 1986, ikapiga kelele. Alipaka mafuta, akagonga meza kwa nyundo ya mbao, akakaza, akazungusha waya, akalegeza tena kidogo, akakaza, mpaka ukagusa pande zote. Aliondoa kipande cha katikati kilicholiwa upande mmoja, akachonga kipya. Akawasha mota. Marehemu alisikia kutoka kitandani.

"Nani anawasha mashine yangu?" aliuliza.

Mjane alikuwa anakunja mashuka. Hakuinua macho. "Fundi," alisema.

Marehemu aliaga dunia Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 2021, saa mbili asubuhi, nyumbani, akiwa ameoga na amekula, binti yake akimbadilishia foronya. Maziko yalicheleweshwa hadi leo ili dereva afike kutoka safari, naye amefika, amesimama pale nyuma karibu na njia ya kutokea. Jeneza limenunuliwa dukani. Familia ilimwomba Binti Mkubwa alitengeneze, akasema hapana, na tumemheshimu.

Marehemu ameacha mjane, fundi cherehani, ambaye tangu juzi ameanza kuimba akishona. Ameacha mtoto wa kiume, dereva. Wajukuu wawili wasiomfahamu. Na dada mmoja, anayesoma. Ameacha binti mmoja, fundi seremala. Nyinyi mlioonyeshwa ukuta mkacheka, nyinyi mliomhurumia mkaondoka na viti, sikilizeni, kwa kuwa aliyeahidi kuwaambia alikataa: mkono wa huyu binti hauna kasoro na haujawahi kuwa na kasoro. Marehemu alijua.

Waliopanga ratiba waliandika hapa kwamba apumzike kwa amani. Kupumzika, amepumzika. Amani ametuachia sisi, bila kukusudia, na tumeipokea.